Hedifoni za Gemu Kama Zawadi kwa Mwenza Wako: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa mtu anayetaka kumnunulia mume, mke au mchumba hedifoni za gemu wakati yeye mwenyewe hachezi. Mambo matatu ndiyo yanayoamua kama zawadi itavaliwa au itarudi kabatini: mashine anayochezea, kichwa kitakachozivaa, na chumba mnachoishi. Chapa, rangi na taa zinakuja baada ya hayo.

Nianzie wapi? Mimi sijui lolote kuhusu gemu.

Anzia kwenye mashine, kabla hujaingia duka lolote. Hedifoni za gemu haziingiliani na kila kitu. Boksi linafunguliwa, wote mnafurahi, halafu maiki haisikiki au haziungani kabisa. Siku asipokuwepo, piga picha tatu: jina la mashine, matundu yake ya mbele na nyuma, na pedi anayoshika mkononi. Picha hizo zitakusaidia dukani kuliko maelezo ya mdomo.

Kama ni PlayStation 4 au PlayStation 5, umepata njia nyepesi. Pedi zake zina tundu la 3.5 mm, lile lile la iafoni za kawaida (zile ndogo za kuingiza masikioni), kwa hiyo hedifoni za waya unazichomeka hapo na sauti na maiki vyote vinafanya kazi. Tahadhari ni moja: mashine hizi mbili hazipokei hedifoni za kawaida za Bluetooth. Ukitaka za bila waya, chukua zile zinazokuja na kipokezi chake cha USB, kidude kidogo kama flashi kinachochomekwa kwenye mashine.

Xbox ndiyo inayohitaji umakini zaidi. Xbox One na Series X au S hazipokei sauti ya Bluetooth, na hedifoni nyingi za USB zilizotengenezwa kwa ajili ya kompyuta hazifanyi kazi humo. Za bila waya lazima boksi liseme wazi kwamba ni za Xbox. Usidhani kwamba jina likifanana basi ni kitu kimoja: SteelSeries, kwa mfano, wana Arctis Nova 7P na Arctis Nova 7X. Ya P ni ya PlayStation na haitafanya kazi kwenye Xbox. Ya X inafanya kazi kwenye Xbox na kwingine pia. Kwa za waya, tazama pedi. Pedi za kwanza za Xbox One za mwaka 2013 hazina tundu la 3.5 mm, lilianza kuwekwa mwaka 2015.

Nintendo Switch ina tundu la 3.5 mm juu ya mashine, na tangu Septemba 2021 inapokea pia hedifoni za Bluetooth, ila maiki ya Bluetooth haifanyi kazi humo.

Kompyuta inapokea karibu kila kitu. Angalia tu kama ni ya mezani yenye matundu mawili, la kijani la sauti na la waridi la maiki. Ikiwa hivyo, omba muuzaji aongeze waya wa kugawa, wenye pini mbili upande mmoja. Ni kitu kidogo lakini kikikosekana siku ya zawadi kitakuudhi.

Dukani nitajuaje kama hedifoni zina maiki inayofanya kazi?

Tazama pini. Ikiwa na mistari mitatu myeusi, inabeba sauti na maiki. Ikiwa pini ni moja tu na ina miwili, ni sauti tu, hata kama kuna kitu kinachofanana na maiki kimening'inia pembeni.

Kisha jaribu. Chomeka kwenye simu yenye tundu, fungua kinasa sauti, ongea, usikilize ulichorekodi. Muuzaji mwaminifu hatakuzuia. Ukiwa unasikiliza, pindapinda waya taratibu karibu na pini na pale unapoingia kwenye sikio. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha uchukue nyingine.

Za waya au bila waya?

Kama fedha ni ya kubana, nunua za waya bila kusita. Kwa bei ile ile utapata sauti bora na maiki bora, maana hulipii betri wala kipokezi. Hazihitaji kuchajiwa. Umeme ukikatika usiku wa jana na betri haikupata chaji, za waya hazijali. Zinakula kutoka kwenye pedi au laptopu.

Za bila waya zina raha yake, hasa kama anakaa mbali na televisheni au mna mtoto mdogo anayevuta kila kitu kinachoning'inia. Mtu anayeinuka mara kwa mara kutazama chungu jikoni atazipenda. Lakini ziwe za kipokezi cha USB, ambazo boksi huandika 2.4 GHz. Betri zimepiga hatua kubwa: HyperX Cloud Alpha Wireless, iliyotoka 2022, imetangazwa kufikisha hadi saa 300 kwa chaji moja. Hata zile za saa 20 zinamtosha mtu anayecheza jioni baada ya kazi.

Ana hedifoni nzuri za Bluetooth za muziki. Kwa nini ahitaji nyingine?

Kwa sababu ya kuchelewa. Bluetooth ya kawaida inaweza kuchelewesha sauti kwa milisekunde 150 hadi 250, yaani hadi robo ya sekunde. Kwenye muziki hakuna anayegundua. Kwenye gemu ya kupigana, adui ameshafyatua risasi, wewe ndio kwanza unaisikia. Za 2.4 GHz huchelewa kidogo mno kiasi kwamba mchezaji hahisi kitu.

Sababu ya pili huwa haielezwi madukani. Kwenye hedifoni nyingi za Bluetooth, maiki ikiwashwa ili aongee na wenzake, muunganisho hubadilika kuwa ule wa kupigia simu, na sauti ya gemu inashuka ubora papo hapo, inakuwa kama mtu anaongea ndani ya debe. Kwa hiyo akisema zake za muziki hazimfai kwa gemu, anasema kweli.

Anacheza kwenye simu tu. Hedifoni za gemu zina maana?

Zina maana, lakini si lazima ziwe zile kubwa za kufunika masikio. Mtu wa PUBG Mobile, Free Fire au Call of Duty: Mobile hucheza kitandani, kwenye daladala, kwenye foleni ya benki. Hedifoni kubwa zenye maiki inayochomoza hatazivaa huko. Iafoni nzuri za waya zenye maiki zitamfaa zaidi, na hazichelewi.

Angalia kwanza simu yake ina tundu gani. iPhone ziliacha tundu la 3.5 mm kuanzia iPhone 7 mwaka 2016, na kuanzia iPhone 15 mwaka 2023 zinatumia USB-C. Simu nyingi za bei nafuu za Android bado zina tundu la kawaida. Kama halipo, nunua iafoni zinazoingia kwenye tundu la chaji la simu yake (USB-C, au Lightning kwa iPhone 7 hadi 14), au adapta. Adapta za bei ya kutupa zina shida: simu nyingine zinahitaji adapta yenye chipu yake ya sauti ndani, na ile isiyo nayo itabaki kimya. Ijaribu kwenye simu ya aina ileile kabla ya kulipa.

Boksi linasema "7.1", "50 mm" na lina taa za rangi. Niangalie nini kati ya hivyo?

Chochote kati ya hivyo kisikuvute.

"7.1" kwenye hedifoni nyingi ni kazi ya programu. Ndani mna spika mbili tu, moja kila sikio, na programu inachezea sauti ili ubongo uhisi inatoka nyuma au juu. PlayStation 5 inaifanya kazi hiyo yenyewe kwa mfumo wake wa Tempest 3D, kwa hedifoni yoyote utakayochomeka, hata ya bei ndogo. Windows nayo ina Windows Sonic bila malipo. Hakuna sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya namba hiyo.

Kipenyo cha spika, 40 mm au 50 mm, hakikuambii sauti ni nzuri kiasi gani. Besi nzito sana nayo ni hasara kwa anayecheza gemu za kupigana, kwa sababu inafunika vishindo vya miguu, na vishindo hivyo ndivyo vinavyomwambia adui yuko upande gani. Ukizijaribu, tafuta sauti ambamo unasikia vitu vidogo.

Kuhusu taa, kuna jambo linalowachanganya wengi. Hedifoni nyingi za bei nafuu zina pini ya 3.5 mm pamoja na waya wa USB, na huo wa USB ni wa kuwashia taa tu. Haubebi sauti. Usizinunue ukidhani ni za USB.

Maiki ina umuhimu gani kama anacheza mpira tu?

Kama anacheza EA Sports FC au eFootball na rafiki aliyekaa naye kochi moja, maiki haina kazi kubwa. Weka fedha kwenye starehe ya kuvaa. Kama anacheza mtandaoni na timu, maiki ni nusu ya zawadi. Wenzake ndio watakaoisikia kila siku.

Nyumba zetu zina feni inayozunguka, dirisha wazi, jogoo, bodaboda nje. Tafuta maiki yenye mkono unaofika karibu na mdomo na inayosikiliza upande mmoja, ile ambayo maelezo huiita cardioid. Maiki iliyofichwa ndani ya kikombe cha sikio huokota kila kitu chumbani. Kitufe cha kuzima maiki kiwe mahali anapoweza kukipapasa bila kutazama. Siku utakapoingia chumbani kuzungumzia kodi ya nyumba utashukuru kipo.

Tunaishi chumba kimoja na yeye hucheza usiku. Zipi zitanipa usingizi?

Zilizofungwa nyuma. Zipo hedifoni zenye matundu ya wavu upande wa nje. Zina sauti pana na nzuri, lakini kila anachosikia yeye na wewe utakisikia. Kwa chumba kimoja, hapana.

Ila kufungwa nyuma kunaleta tatizo jingine: akiziba masikio hajisikii sauti yake mwenyewe, na asiyejisikia hupiga kelele. Ndiyo maana mtu mpole mchana anaunguruma saa sita usiku. Dawa yake ni hedifoni zinazomrudishia sauti yake kidogo masikioni anapoongea. Kwa lugha ya watengenezaji ni sidetone. Muulize muuzaji kwa jina hilo au tafuta kwenye maelezo ya bidhaa. Kwa wanandoa wanaogawana chumba, ningeweka kipengele hiki juu ya karibu vyote vingine. Na hakuna ubaya kumwambia mwenza wako kwamba umefikiria usingizi wako pia. Zawadi inayowafaa wawili bado ni zawadi.

Tuko Dar (au Mombasa, au Unguja). Joto hili na hedifoni kubwa, ataweza?

Ataweza ukichagua mito sahihi, ile sifongo inayokaa kwenye masikio. Mito ya ngozi bandia inazuia kelele vizuri, lakini kwenye joto la pwani sikio linalowa ndani ya nusu saa, na jasho likizoeleka ngozi inaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyonata shingoni. Mito ya kitambaa inapumua. Inaruhusu kelele kidogo kuingia na kutoka, lakini mtu anaweza kukaa nayo jioni nzima. Kwa Arusha, Mbeya, Nairobi au Eldoret, ngozi bandia haina shida.

Vyovyote iwavyo, hakikisha mito inabandukika na ya akiba inapatikana. Hilo ndilo litakaloamua kama hedifoni zitaishi mwaka mmoja au minne.

Uzito nao ni sehemu ya joto. Chini ya gramu 300 ni salama kwa watu wengi. Logitech G435 ina gramu 165 tu, nyepesi kweli kweli, ingawa haina tundu la waya, na haifanyi kazi kwenye Xbox. Zinazopita gramu 350 zinahitaji utepe mpana wa juu wenye sifongo nene, vinginevyo utosi utauma.

Anavaa miwani / ana rasta / anavaa hijabu. Kuna tofauti?

Kubwa. Miwani: mito migumu inasukuma mikono ya miwani kwenye fupa la kando ya jicho, na baada ya saa moja kichwa kinauma. Chagua mito laini na hedifoni zisizobana sana. Za SteelSeries Arctis zina utepe unaonyumbulika kichwani, na watu wa miwani huzielewa haraka.

Rasta, mabutu au nywele zilizofutuka juu: utepe lazima urefuke vya kutosha. Vuta pande zote mbili hadi mwisho ukiwa dukani. Zikikufikia wewe zikiwa zimevutwa hadi mwisho, na yeye ana nywele nyingi kuliko zako, hazitamfaa.

Hijabu: zinavalika juu ya kitambaa bila shida, lakini kitambaa kinaacha upenyo kati ya mto na sikio, na besi inapungua. Kitambaa chepesi kinapunguza athari hiyo. Wengi huona iafoni ndogo chini ya hijabu ni raha zaidi, hasa kukiwa na joto. Ukiwa na shaka, iafoni.

Mke wangu ndiye anayecheza. Kuna hedifoni za kike?

Hakuna. Kuna zenye rangi ya waridi na zenye masikio ya paka, na kama anazipenda mnunulie. Kinachobadilika hasa ni ukubwa wa kichwa: nyingine zikipunguzwa hadi mwisho bado zinateleza kwenye kichwa kidogo. Mengine yote ni yale yale.

Kwa bajeti ndogo, nichukue za chapa isiyojulikana au nisubiri?

Kwa bajeti ndogo ningechukua za waya za chapa inayojulikana, modeli ya chini, hata kama imeshakaa sokoni miaka. HyperX Cloud Stinger na familia ya Cloud II ni mifano. Cloud II ilitoka 2015 na bado watu wanaipendekeza, kwa sababu zinavalika vizuri na mito yake ni rahisi kupata. Redragon nao wana za waya zenye bei ya kati zinazotosha.

Zile zenye taa nyingi na maneno makubwa kwenye boksi, kwa bei ya chakula cha jioni cha watu wawili, huanza kukatika sikio moja mapema mno. Afadhali iafoni nzuri ya waya kuliko hizo.

Nitajuaje kama ni feki?

Bei ndiyo kengele ya kwanza. PlayStation Pulse Elite zilitoka Februari 2024 Marekani kwa dola 149.99. Mtu akikuuzia "mpya orijino" kwa thuluthi ya hapo, kuna kitu.

Zenye USB zina kipimo kizuri: chomeka kwenye kompyuta yenye programu ya kampuni, mfano Logitech G HUB, Razer Synapse au HyperX NGENUITY. Kama modeli hiyo inatumia programu hiyo, na programu haiitambui, usinunue. Fanya hivyo kabla ya kulipa.

Kariakoo ya Dar na Luthuli Avenue ya Nairobi kuna wauzaji waaminifu wengi, lakini maduka yamebanana na bidhaa zinafanana. Chukua kwenye duka lenye mlango na jina, si kwa mtu aliyekushika mkono barabarani akakupeleka ghorofani. Dai risiti ya EFD ukiwa Tanzania, na uandikiwe waranti ya muda gani, kwa ubovu gani. Ukinunua kwenye ukurasa wa mtandaoni usioujua, lipa baada ya kupokea na kujaribu, si kabla.

Ndugu yangu yuko Dubai, anaweza kuniletea. Ni busara?

Mara nyingi ndiyo, kwa chaguo pana zaidi. Mwombe akutumie picha ya boksi pande zote kabla hajalipa, ulinganishe na picha zako za mashine. Azibebe kwenye begi la mkononi, hasa za bila waya, kwa sababu zina betri ya lithiamu. Na ujue kwamba waranti ya duka la kule itakuwa ngumu kuidai ukiwa huku. Zikiharibika mwezi wa pili, fundi ndiye waranti yako.

Atacheza saa nyingi. Nitamlinda vipi masikio?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikipanda hadi desibeli 90, muda salama unashuka hadi saa 4 kwa wiki nzima, na kwa mchezaji hizo zinaisha Jumamosi moja. Kinachopandisha sauti ni kelele za nje, kwa hiyo hedifoni zinazoziba vizuri zinamlinda kwa namna hiyo: hatahitaji kufungulia sana. Akianza kulalamika masikio yanavuma baada ya kucheza, apunguze siku hiyo hiyo, na mvumo huo usipoondoka aonane na daktari wa masikio.

Nimshtukize, au nimuulize tu?

Mshtukize, lakini uliza pembeni. Rafiki anayecheza naye anajua anacholalamikia: waya mfupi, maiki mbovu, utepe uliovunjika na kufungwa gundi. Muulize huyo. Atakuita shemeji, atafurahi kuulizwa, na pengine atakubali kwenda nawe dukani.

Kama hata rafiki hana uhakika, au mwenza wako ni mtu anayesoma maelezo ya kila modeli kabla ya kununua chochote, mpe boksi dogo lenye karatasi: "Jumamosi tunaenda kuchagua hedifoni zako, nalipa mimi." Mwache azivae dukani dakika kumi nzima, akiwa na miwani yake au kilemba chake, huku wewe umeshika mkoba.